Shoo za mbwa: ubaki Jamhuri ama umpandishe ndege? Nairobi, Ulaya na Uingereza zikiwekwa bega kwa bega

Kila shoo ikiisha pale Jamhuri Park, mahema yanakunjwa, mbwa wamelala kwa magari wamechoka, lazima kuna mtu ataniuliza swali lile lile, huyu wangu ashinde hapa mara ngapi ndo nimpeleke nje? Na mi humrudishia swali, nje wapi, na unaenda kutafuta nini huko? Manake watu husema "nje" kana kwamba ni mtaa mmoja. Shoo ya Uholanzi na shoo ya Birmingham hazifanani, na zote mbili hazifanani na ile ya Ngong Road, sheria tofauti, jaji anaangalia tofauti, hata vile unatakiwa kusimama na kamba mkononi ni tofauti.

Niseme mapema nimesimama wapi. Niko na German Shepherd jike, anaitwa Tatu kwa sababu alizaliwa wa tatu, hakuna hadithi ingine hapo. Nairobi ameingia ringini miaka minne na ameshinda vya kutosha. Uholanzi amefika mara moja, tukaingia shoo mbili wikendi moja. Uingereza nilienda mwenyewe bila mbwa, nikakaa kwa Crufts, ile shoo kubwa ya mbwa ya Birmingham, siku nne nikila sandwichi baridi na kuandika kwa daftari. Kwa hivyo Nairobi na Uholanzi naongea kwa miguu, Uingereza naongea kwa macho.

Nitalinganisha hizi tatu kwa mambo haya: makaratasi na muda, mkia na masikio (hii watu husahau kabisa), pesa, jaji na ushindani, mwili wa mbwa mwenyewe, halafu unarudi nyumbani na nini. Afrika Kusini na Marekani nitazigusa mwishoni.

Makaratasi na muda

Nairobi ndo rahisi, hakuna ubishi. Mbwa awe amesajiliwa na East Africa Kennel Club, chanjo ziko sawa, unajaza fomu kabla ya siku ya kufunga, unalipa, asubuhi ya shoo unafika na kiti chako na maji. Ukichelewa fomu ni hadi shoo ijayo, na hilo ndo kosa la wengi, mtu anakumbuka Alhamisi na shoo ni Jumapili. Kama uko Arusha ama Kampala basi Nairobi yenyewe kwako ni nje tayari, utahitaji kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya, lakini angalau unapita mpakani na gari lako, mbwa yuko kiti cha nyuma anachungulia.

Ulaya bara ni hesabu ya miezi. Kenya haiko kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kuhusu kichaa cha mbwa, Tanzania na Uganda pia haziko, kwa hivyo mbwa lazima apimwe damu kuonyesha chanjo imeshika. Mpangilio ni huu na haurukwi: chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu unangoja angalau siku 30 ndo damu itolewe, damu inapelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya (Onderstepoort kule Afrika Kusini ni mojawapo), majibu yasipungue 0.5 IU kwa mililita, halafu unangoja miezi 3 kamili kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipokuja. Ukijumlisha ni miezi minne na zaidi hata kama kila kitu kimeenda vizuri. Mwisho kabisa ni cheti cha afya cha daktari wa serikali, kwetu ni Kabete, na hicho kina siku 10 tu za kukuingiza Ulaya, kwa hivyo huwezi kukichukua mapema ukakiweka kwa droo.

Hapo kwa "chipu kwanza" ndo nilipoumia. Tatu alidungwa chanjo mwezi wa kwanza, chipu akawekwa wiki tatu baadaye, kwa kitabu chake kila kitu kinaonekana kizuri, mihuri iko, saini iko. Nikafika kwa daktari wa kuchukua damu, akasoma tarehe mbili zile na kidole, akarudia tena, akanifungia kitabu. Chanjo iliyotangulia chipu kwa Ulaya haihesabiki, manake hakuna anayeweza kuapa kuwa mbwa aliyedungwa ndo huyu mwenye chipu. Nikaanza upya, na shoo niliyokuwa nimeilipia ikapita nikiwa Rongai nahesabu siku. Kwa hivyo ukitoka kusoma hapa fungua kitabu cha mbwa wako uangalie hizo tarehe mbili, hata kama huna mpango wa kusafiri mwaka huu.

Habari njema ni kwamba damu ikishapita mara moja, na wewe usikose kurudia chanjo kabla haijaisha muda, hurudii tena hicho kipimo. Chanjo ikipitwa hata siku moja unarudi mwanzo.

Uingereza ni hayo hayo yote, damu na miezi 3, halafu wanaongeza dawa ya minyoo ya tegu ambayo lazima apewe na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika, na saa iandikwe. (Finland, Ireland, Malta na Norway nazo wanaitaka hii, kwa hivyo mtu aliyempeleka mbwa World Dog Show ya Helsinki 2025 aliijua vizuri.) Kwa ndege mbwa anaingia Uingereza kama kago, haji na wewe kwa kabini wala kwa mizigo yako. Ukikosea karatasi wanaweza kumweka karantini hadi miezi minne kwa pesa yako. Halafu ili ashindane, mbwa wa nje anahitaji namba ya ruhusa, wanaiita ATC, kutoka klabu kuu ya mbwa ya Uingereza (The Kennel Club, siku hizi The Royal Kennel Club), na Crufts yenyewe huendi tu kwa sababu una nauli, mbwa lazima awe amefuzu.

Mkia na masikio

Hapa naomba wenye Rottweiler, Dobermann na Boxer wakae karibu. Kwetu Rottweiler mwenye mkia uliokatwa bado ni kitu cha kawaida, ringini anaingia na anashinda. Rafiki yangu mmoja wa Thika ana dume zuri ajabu, kichwa kama jiwe, mgongo umenyooka, akaanza kupanga safari ya Ulaya, ameshaulizia hadi bei ya kreti ya kumsafirishia, ndo akaambiwa kuhusu mkia. Akaniangalia akasema, sasa nimrudishie wapi?

Uingereza, mbwa aliyekatwa mkia kuanzia tarehe 6 Aprili 2007 haruhusiwi kuonyeshwa England kwenye shoo ambayo watu wanalipa kiingilio, na Crufts watu wanalipa kiingilio. Masikio yaliyokatwa ndo hawataki kabisa. Ujerumani nao wamefunga huo mlango, na nchi nyingi za Ulaya ziko hivyo ama zinaelekea huko. Kwenye shoo za FCI, yaani shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa, sheria ya nchi mwenyeji ndo inatawala, kwa hivyo jibu la Hungary si lazima liwe jibu la Uholanzi, unauliza nchi kwa nchi.

Kama bado hujanunua mtoto wa mbwa na una ndoto ya kusafiri, mwambie mfugaji aache mkia ulivyo. Hiyo haina gharama yoyote.

Pesa

Ada ya kuingia shoo ndo pesa ndogo kuliko zote, kokote uendako. Nairobi gharama yako kubwa ni mafuta ya gari, shampuu, na chakula cha familia iliyokuja kuangalia halafu ikaboeka saa sita mchana.

Ulaya kinachokuua ni kreti. Watu hufikiri mbwa analipiwa kwa uzito wake, hapana. Kago ya ndege wanapiga hesabu ya ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000, jibu ndo kilo utakazolipia kama limezidi uzito halisi. Kreti ya mbwa mkubwa ya sentimita 100 kwa 66 kwa 76 inakupa kilo 83.6. Sasa Tatu ana kilo 31. Yaani nalipia Tatu, na hewa iliyomzunguka ambayo ni nzito kuliko Tatu mwenyewe. Na huwezi kupunguza boksi ujanja ujanja, sheria za IATA, muungano wa mashirika ya ndege, zinataka mbwa aweze kusimama bila masikio kugusa juu, ageuke, alale. Wakimwona amejikunja wanakurudisha.

Mwenye Maltese ama Chihuahua hapa anacheka, hesabu yake ni kidogo sana. Mwenye Bulldog ama Pug asicheke, manake mashirika mengi ya ndege hayataki mbwa wa pua fupi kabisa, ama hayawataki msimu wa joto, kwa sababu wanashindwa kupumua.

Kinachosaidia Ulaya bara ni kwamba ukishafika, nchi ziko karibu. Wikendi moja mara nyingi kuna shoo mbili mahali pamoja, Jumamosi na Jumapili, na wiki inayofuata unaweza kuwa Ubelgiji ama Luxembourg kwa gari, mara nyingi hakuna anayekusimamisha mpakani. Nauli moja inagawanywa kwa shoo nne ama tano. Uingereza ni kisiwa, mara nyingi unalipia safari nzima kwa ajili ya shoo moja ama mbili, isipokuwa una mwenyeji wa kukaa naye muda mrefu. Mimi Uholanzi nilikuwa na dada yangu Rotterdam, bila yeye na kochi lake hii habari ungeandikiwa na mtu mwingine. (Mama alivyosikia akauliza, mbwa anaenda Ulaya na binamu yako hajawahi kufika hata Mombasa? Sikuwa na jibu.)

Jaji na ushindani

Hii ndo sehemu yenyewe, mengine yote ni nauli.

Nairobi mfumo wetu umetoka Uingereza, mbwa wanapangwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na majaji wengi huletwa kutoka nje, kwa hivyo usidhani unahukumiwa na jirani. Shida si jaji, shida ni hesabu. German Shepherd na Rottweiler watajaza ringi, Labrador nao wapo, lakini aina nyingi anaingia mmoja peke yake, anashindana na kivuli chake. Umeshinda aina yako, sawa, lakini umemshinda nani? Na jaji mgeni akikuta hata mbwa ana kasoro, mara nyingi atakupa ribboni, atakupa mkono, atasema mbwa mzuri, aende zake. Ukitaka kujua ukweli inabidi umfuate mwishoni akiwa na chai mkononi umwombe kwa adabu. Wengine wakiombwa hivyo huongea vizuri sana, nimejifunza mengi kwa njia hiyo.

Ulaya bara, kwenye shoo za FCI, mbwa hapangwi tu, anapewa gredi na anaandikiwa. Jaji anamshika, anahesabu meno, anamwangalia akitembea, halafu anaongea na karani aliye mezani anapiga taipu kila neno, na karatasi unapewa wewe. Gredi ya juu ni Bora Kabisa, halafu Nzuri Sana, halafu Nzuri, kushuka chini. Mbwa ishirini wanaweza wote kupata Bora Kabisa, na mbwa aliye peke yake kwa darasa anaweza kupata Nzuri tu na asipewe kitu kingine. Kuwa peke yako huko hakukuokoi.

Tatu, bingwa wa nyumbani, alipata Nzuri Sana. Siku zote mbili. Karatasi ya Jumamosi, nikikutafsiria: kichwa kizuri cha jike, macho yangefaa kuwa meusi zaidi, mfupa wa mkono wa juu ni mfupi, nyuma anasukuma vizuri, amenenepa. Nilikasirika kama dakika ishirini hivi. Halafu dada yangu akanitumia video aliyopiga nikaiangalia kwenye treni, nikasimamisha pale Tatu anapopita kwa ubavu, na kweli, mguu wa mbele haufiki mbali, anapiga hatua fupi fupi mbele wakati nyuma anasukuma kama pikipiki. Miaka minne nimemwangalia kila asubuhi na sikuwahi kuona. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi nilikuwa nimevuta hadi ikachanika.

Jumapili jaji mwingine, kutoka nchi nyingine, akaandika karibu kitu hicho hicho cha mkono wa juu. Hapo ndo nikaacha kubisha.

Uingereza hawatoi gredi. Ni kama kwetu, unapangwa, na jaji huandika maoni baadaye ya washindi wa juu wa darasa, kwa hivyo ukiwa wa sita unarudi nyumbani bila neno. Lakini wingi wa mbwa ni kitu kingine. Crufts wanaingia zaidi ya mbwa 18,000 kwa siku nne pale NEC Birmingham, na kwa aina moja maarufu unakuta ringi imejaa mbwa ambao wote ni wazuri, yaani jaji anatafuta sababu ya kumtoa mtu. Ili uwe bingwa wa Uingereza mbwa anahitaji Challenge Certificate tatu kutoka kwa majaji watatu tofauti, na kwa kawaida mbwa mdogo wa mwaka mmoja anagombea cheti hicho hicho na mabingwa waliokomaa. Ndo maana taji lao linaheshimika hivyo, ni gumu kweli. Halafu tangu 2012 kuna ukaguzi wa daktari wa wanyama kwa washindi wa aina fulani zenye matatizo ya afya, na mwaka huo wa kwanza washindi sita walikataliwa Crufts, Bulldog na Pekingese wakiwemo, baada ya jaji kuwapa ushindi. Jaji anasema ndiyo, daktari anasema hapana, na hapana ya daktari ndo inakaa.

Kuna na mambo ya tabia ringini. Ukiwa na German Shepherd utasikia Wajerumani na shoo zao za SV, ile klabu yao ya German Shepherd iliyoanzishwa 1899. Kule mbwa anakimbia mizunguko mingi akivuta kamba, na familia nzima iko nje ya ringi inakimbia na kupiga filimbi na kumwita jina ili ainue kichwa, hiyo ni kawaida yao kabisa. Fanya hivyo kwenye shoo ya FCI ya aina zote ama Uingereza uone, utaambiwa utulie, ukiendelea unatolewa. Na kwenye shoo kubwa ya SV mbwa akishapita miezi 24 wanataka awe na cheti cha kazi, kufuata harufu, utii na ulinzi. Mwenye mbwa wa miaka mitatu ambaye kazi yake ni kulala verandani asipoteze nauli huko.

Mwili wa mbwa

Hapa naenda haraka. Mbwa wa Nairobi hakai baridi, koti lake ni jembamba kuliko la mwenzake wa Ulaya aliyetoka kwa baridi ya Februari, na kwa aina za manyoya mengi jaji ataona. Ukumbi wa ndani wenye zulia ni shida ingine, Tatu alizoea nyasi, akafika kwenye zulia la kijani akasimama akaangalia miguu yake kama aliyevaa viatu vya mtu. Mzoeshe mapema, hata kwenye maduka ya vigae ama sakafu ya kanisa mchungaji akikubali. Baada ya safari mpe siku nne ama tano kabla ya shoo, ale, anywe, tumbo litulie. Jike akiwa karibu kuingia joto achana na hiyo safari, manyoya yanamtoka na akili haiko.

Nairobi haya yote hayapo, analala kwake, anakula chake. Mbwa muoga ama mzee ashindane nyumbani, kumfungia kwa kreti nusu siku ndani ya tumbo la ndege ni kumwonea.

Unarudi na nini

Nairobi unarudi na taji la nchi yako, na watu wa huku wanaotafuta watoto wa mbwa wanalielewa. Unarudi na majina ya wafugaji wanaoweza kukusaidia wiki ijayo, si mwaka ujao. Hiyo usiidharau.

Ulaya bara unarudi na karatasi ya maoni, ambayo mi kwangu imekuwa na faida kuliko kikombe chochote, nimeitumia kuchagua dume la kumpandisha Tatu, nikatafuta lenye mkono wa juu mrefu badala ya lenye jina refu. Taji la kimataifa la FCI ni hadithi ingine. Kwa kawaida linataka CACIB nne (vyeti vya kugombea taji hilo), kwenye nchi tatu tofauti, kwa majaji watatu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ipite angalau mwaka mmoja na siku moja. Soma tena hiyo ya mwisho. Maana yake hata mbwa wako awe malaika, hawezi kumaliza kwa safari moja. Ama unasafiri mara mbili, ama unamwacha kwa hendla, mtu wa kumwonyesha ringini kwa niaba yako, huko mwaka mzima, na sasa unalipia chakula, mafunzo, ada na video ya WhatsApp ya mbwa anayeanza kukusahau. Wapo wanaofanya hivyo na wanafurahi. Jiulize kama ni wewe. Na kabla ya kulipa hata shilingi, mwandikie mwandaaji wa shoo umwulize kama pedigrii uliyonayo inakubalika kwao, kwa maandishi, si kwa simu.

Uingereza unarudi na sifa. Kufika tu Crufts na mbwa kutoka Afrika Mashariki ni kitu watu watakisimulia, na utakuwa umekaa karibu na wafugaji wenye mistari ya damu ambayo huwezi kuiona kwingine. Ila taji lenyewe kwa mgeni wa safari moja, sioni.

Afrika Kusini na Marekani kwa kifupi

Afrika Kusini ni njia ya katikati ambayo sijui mbona hatuiongelei zaidi. Klabu yao, KUSA, iko ndani ya FCI, mbwa ni wengi kuliko kwetu, ndege ni ya saa nne hivi. Wanataka kibali cha kuingiza na wana vipimo vyao vya damu, kwa hivyo usidhani ni jirani utaingia tu. Mwenye Ridgeback hasa, huko ndo nyumbani kwa mbwa wake.

Marekani mfumo ni wa pointi, unahitaji 15, na ndani yake ushindi mkubwa angalau mara mbili kwa majaji wawili tofauti. Shoo ni nyingi kila wikendi kwa hivyo pointi zinakusanyika, mikia na masikio yaliyokatwa bado wanakubali (rafiki yangu wa Thika alitabasamu hapo), lakini ringi imejaa mahendla wa kulipwa ambao hiyo ndo kazi yao ya kila siku, na tangu Agosti 2024 masharti ya CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, kwa mbwa wanaotoka nchi zenye kichaa cha mbwa yamekuwa mazito, umri usipungue miezi sita, chipu, fomu, na mbwa aliyechanjwa nje anapokelewa kwenye kituo maalum ulichoweka nafasi mapema.

Nani aende wapi

Kama hii ni mara yako ya kwanza na mbwa ana chini ya miaka miwili, baki Nairobi. Si kwa sababu huwezi, ni kwa sababu makosa ya ringini ni ya bei rahisi hapa. Kuangusha kamba Jamhuri ni kicheko, kuiangusha baada ya miezi minne ya makaratasi ni kilio.

Kama mbwa wako ameshinda sana nyumbani lakini aina yake huwa wawili ama mmoja, na unataka kuzalisha, nenda Ulaya bara, shoo mbili ama nne za wikendi zilizokaribiana, majaji tofauti, uje na karatasi. Usihesabu ribboni.

Kama unataka taji la kimataifa na una ndugu ama rafiki wa kuaminika Ujerumani, Ubelgiji ama Uholanzi anayependa mbwa kwelikweli, hapo inawezekana, manake mwaka na siku moja vinakuwa vya familia badala ya hendla wa kulipwa. Bila huyo mtu, piga hesabu mara mbili.

Kama mbwa wako amekatwa mkia ama masikio, Nairobi. Ama Marekani kama mfuko unaruhusu. Uingereza na Ujerumani zifute.

Kama una mbwa wa pua fupi, nyumbani, ama nchi unayofika kwa barabara.

Kama unapenda sana aina ambayo Uingereza ndo kwao, sema Bullmastiff, na unataka kuielewa kutoka kwenye mzizi, nenda Crufts mwezi wa tatu. Lakini mwaka wa kwanza nenda bila mbwa. Tiketi yako na viatu vizuri, kaa kando ya ringi ya aina yako siku nzima, uandike jaji alimchagua nani na wewe ungemchagua nani. Mi siku ya kwanza nilipatia mara mbili kati ya tisa. Siku ya German Shepherd nilipatia tano, na mama mmoja mzee aliyekaa karibu yangu na flaski ya chai alipatia nane, akaniambia ile ya tisa jaji ndo alikosea.